Mkaguzi wa Kila Ijumaa

Jirani aliwahi kumuuliza Mama Mjane, "Hivi serikali ikitaka kitu kikue, hukimwagilia maji au hukikalia?" Jibu Mama alilipata ndani ya basi, akiwa ameketi nyuma ya afisa wa wizara na binti mwenye kampuni ya kompyuta za kwanta, zile zinazotaka baridi kupita barafu.

"Ruzuku yenu ipo, binti yangu," alisema afisa. "Sera inataka tu mkaguzi aifungue mashine kila Ijumaa, aone kama inafanya kazi."

"Mzee wangu, ikifunguliwa inashika joto, inazima. Kuipoza tena ni siku saba."

"Vizuri! Ijumaa inayofuata ataikuta tayari."

"Aifungue tena?"

"Sera ni sera, mwanangu."

Mama aliuma pembe ya mtandio wake, akimwomba Mungu amzuilie kicheko.

"Basi tunahama," binti alisema. "Nchi jirani imetuita, mimi na mafundi wangu wote kumi na wawili."

"Msihame, jamani! Kesho tu naunda kamati."

"Ya kuibadilisha sera?"

"Ya kumsaidia mkaguzi. Nasikia kifuniko chenyewe ni kizito."

Basi liliposimama, binti alichukua mkoba wake, akashuka kwenda kufungasha mizigo.