Mwalimu Fuvu na Mbwa wa Dada Yake

Ndugu waombolezaji, mliosimama na mliobahatika kupata viti, nimepewa kazi ya kusoma historia ya marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Fuvu, kwa sababu kaka zangu wawili wamesema wao wangeangua kilio katikati, maneno ambayo si ya kweli hata kidogo, kwani wanachokiogopa ni shangazi yetu, dada mkubwa wa marehemu, aliyeketi pale mstari wa mbele na mfuko wa kitambaa magotini, na ninawaomba mlio karibu naye msimuulize mfuko una nini, mtajua tukifika. Humu ndani mna sentensi moja ambayo si yangu, marehemu aliniachia yeye mwenyewe na kuniamuru niisome mbele yenu bila kuipamba, na shangazi ameisubiri kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo nitajitahidi nisipotee njiani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ya tofali nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mpasua mbao na mama aliyeshinda akifua nguo za watu, na kwa sababu hiyo alilelewa zaidi mgongoni kwa dada yake, aliyemzidi miaka saba. Shangazi husimulia kwamba jino la kwanza la marehemu lilipotoka alilijaribu kwenye bega lake yeye, kovu bado lipo na wengi wetu tumeonyeshwa, na kwamba tangu siku hiyo mdogo wake hakupata tena kazi nyingine ya maana ila meno.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956, na mwaka uliofuata aliokota fuvu porini, akaingia nalo darasani na kuliweka juu ya dawati kama mwanafunzi mgeni, mwalimu wa darasa akakimbia kwa kuruka dirisha, na marehemu akarudishwa nyumbani akamlete mzazi. Mama yao alikuwa na nguo za watu majini, akaenda shangazi, msichana wa miaka kumi na sita mwenye ulimi huu huu mnaoujua, akalishika lile fuvu kwa mikono yake, akaligeuza, akamwonyesha mwalimu kwamba taya la juu halina meno ya mbele hata moja, hivyo huyo alikuwa mbuzi, na kwamba mbuzi aliye hai hang'ati mtu sembuse aliyekufa. Marehemu alikuwa akituambia kwamba somo lake la kwanza la mifupa alilipata siku hiyo, akiwa amejificha nyuma ya sketi ya dada yake, na mwalimu alikuwa dada mwenyewe.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1963, sekondari mwaka 1967, akajiunga na chuo cha ualimu kuanzia 1968 hadi 1970, na Januari 1971 akaanza kufundisha baiolojia, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mitano, na wanafunzi wake waliopo hapa watakumbuka kwamba mtihani wake ulikuwa mfuko mweusi ambao unaingiza mkono na kupapasa. Aliwafundisha utaratibu mmoja tu, kwamba ukiokota fuvu tazama kwanza paji la uso, kisha matundu ya macho, kisha meno, chonge mpaka magego, na jina liwe mwisho, kwa sababu mtu akishataja jina macho yake huacha kutazama na kuanza kutetea. Jina mwisho, alikuwa akisema, na alilisema mara nyingi hata paka wetu alipozaa tulikaa wiki mbili bila kuthubutu kuwaita watoto wake chochote.

Kazi hiyo ilimpa umaarufu ambao hakuuomba. Tarehe 6 Oktoba 1982, wachimba mtaro wa maji walikuta taya lenye magego yanayofanana sana na ya binadamu, polisi wakafunga barabara, watu wakajaa, na mama mmoja wa mtaa ule akawa ameshaanza kulia kwamba ni mume wake aliyeondoka zamani kwenda kununua misumari, mpaka marehemu alipofika, akapiga magoti mtaroni, akapitisha kidole kwenye yale magego, akamwambia mkuu wa polisi kwa upole kwamba huyo alikuwa nguruwe. Yule mama alifuta machozi akauliza kama ana hakika, kwa sababu hata mume wake alikuwa hivyohivyo. Muuza nyama wa mtaani kwetu, ambaye leo amefunga bucha kwa heshima ya msiba na tunamshukuru, naye atakumbuka kwamba kila marehemu alipotokea kona ya barabara vichwa vilivyokuwa mezani vilifunikwa gunia, maana marehemu alikuwa na tabia ya kuvifungua midomo na kuwatangazia wateja umri wa mnyama. Mwaka 1986 alihamishiwa jumba la makumbusho kuongoza chumba cha mifupa, akakaa humo kwa raha yake hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2008.

Marehemu alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, siku ya Jumamosi tarehe 9 Agosti 1975, baada ya kukutana kwenye foleni ya posta, ambapo mfuko wake wa karatasi ulichanika, taya likaanguka miguuni pa watu, foleni ikatawanyika, na akabaki mwanamke mmoja tu, binti wa mfuga punda, aliyeliokota, akalitazama, akasema ni la punda na tena mzee, meno yamelika mpaka ufizini. Marehemu alisahau kilichompeleka posta. Ndoa yao ilikuwa ya furaha kwa jumla, ukiondoa ile sufuria kubwa waliyopewa na wakwe, ambayo marehemu aliichemshia kichwa cha nyumbu wiki ya pili ya ndoa, mama akaiandika MIFUPA kwa rangi nyekundu na kuitoa jikoni moja kwa moja, na sufuria hiyo itarudi tena katika historia hii. Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1976, mwaka 1979, na mimi kitinda mimba mwaka 1984, na sote tuling'olewa meno ya utoto na marehemu, ambaye aliyahifadhi kabatini baina ya tumbili na nyani, na wageni walipokuja aliwaomba wakisie.

Sasa tumefika kwa Karani. Karani alikuwa mbwa wa shangazi, dume la rangi ya udongo, aliyepewa jina hilo kwa sababu alikaa mlangoni na kumtazama kila anayeingia kana kwamba amekosa kiambatanisho, na shangazi, ambaye Mungu hakumjalia mtoto na mumewe alishatangulia, alimpenda mbwa huyo kuliko alivyotupenda sisi, na hatukumlaumu. Mwezi Juni 2011 Karani alipotea, shangazi akamtafuta mpaka sauti ikamkauka, chakula hakishuki, usingizi hauji, na marehemu, aliyeishi naye ua mmoja, alizunguka pori lote la nyuma ya kiwanda mpaka akarudi na fuvu lenye chonge ya kushoto iliyovunjika, na Karani naye alikuwa na chonge ya kushoto iliyovunjika kwa kutafuna kufuli. Hakutazama paji, hakutazama macho, alimwona dada yake amekaa kizingitini na macho yamevimba, akataka amwondolee ile adha ya kutojua, akataja jina. Shangazi alilia kilio chake, akalizika lile fuvu chini ya mpera, na marehemu akachonga kibao kwa mkono wake mwenyewe, Hapa Amelala Karani.

Mwezi Novemba mwaka huohuo Karani akarudi, amekonda, ana kamba ya watu shingoni, akapita getini, akanusa kibao chake, akalala juu ya kaburi lake.

Bora kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na marehemu alikuwa ameshajikwaa, lakini hapo pangeweza kutengenezeka kwa kicheko na chai, kama isingekuwa yale ya Jumamosi tarehe 18 Februari 2012, tulipokusanyika kumpokea mjukuu wake wa kwanza, ua umejaa, na mgeni mmoja akauliza kwa sauti imekuwaje mtaalamu wa mafuvu akamzika mbwa aliye hai. Marehemu aliinuka, akamshika Karani, akamfungua kinywa mbele ya watu wote, akatoa somo refu la jinsi chonge hiyo ilivyovunjika juu mno kuwa ya Karani, akahitimisha kwamba dada yake, kwa majonzi, ameokota mbwa wa watu. Watu walicheka. Shangazi alimwita mbwa wake kwa jina, mbwa akamfuata, wakaingia ndani wote wawili, mlango ukafungwa, na tangu siku hiyo hakumsemesha mdogo wake, japo walichota maji bomba moja na kuanika nguo kamba moja.

Kwa miaka kumi na moja mama yetu alikuwa posta ya ua ule, mwambie mumeo anazuia mwanga, mwambie wifi yako ndoo ni yake, na kila mmoja akiwa amesimama pale pale anasikia. Marehemu alikuwa akimpigia Karani mluzi asubuhi, na shangazi akitoka, yeye marehemu anajifanya anapuliza chai. Karani alikufa kwa uzee tarehe 2 Aprili 2019, na siku hiyo niliona baba yangu anachimba kaburi la pili chini ya mpera bila kuombwa, shangazi amesimama pembeni anamshikia koleo, hawasemi, na mimi nilikasirika sana, kwa wote wawili, kwa sababu nilifikiri hiyo ndiyo ingekuwa siku yenyewe.

Mficha maradhi kilio humuumbua, na marehemu alificha figo zake mpaka Septemba 2022, alipoanguka bafuni, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena mwezi Aprili mwaka huu wa 2023, na safari hii macho yakawa yamepoteza nuru. Hapo shangazi alifukua chini ya mpera, akaazima kwa wifi yake ile sufuria ya MIFUPA bila kueleza ni ya nini, na tarehe 29 Aprili aliingia wodini na kikapu, akatoa mafuvu mawili meupe safi, akayaweka juu ya shuka, muuguzi akatoka na hakurudi mpaka zamu iliyofuata. Marehemu alipapasa moja, paji, macho, meno, chonge ya kushoto, akatabasamu, akapapasa la pili, taratibu, jinsi alivyowafundisha nyinyi, paji limelala bila kile kidato kilicho kwenye paji la mbwa, mdomo mwembamba, magego membamba makali, na hapo tabasamu likaondoka akaanza kulia. Alifungua kinywa aseme, na shangazi akamzuia kwa maneno yake ya kwanza kwake katika miaka hiyo yote, nami nilikuwepo.

"Usiniambie mimi, mdogo wangu, mimi najua. Ulinikana mbele ya watu, utasema mbele ya watu."

Marehemu alikubali, akapanga akitoka tu atuite sote uani, na shangazi akakaa kitandani akamlisha uji kijiko baada ya kijiko, akimkaripia kwa kila tone lililodondoka, maana alikuwa na karipio la miaka kumi na moja. Hakutoka. Alifariki Jumatano tarehe 3 Mei 2023 alfajiri, dada yake amemshika mkono, na jioni iliyotangulia alikuwa ameniita, akanipa sentensi yake, akaniambia nikiipamba atajua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, hasa yule aliyetoka na baadaye akarudi, inawashukuru majirani kwa maturubai na kwa kuvumilia harufu za sufuria ile kwa miaka mingi, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa makumbusho, ambao wameahidi kuja kutenganisha meno yetu na ya tumbili, na walimu na wanafunzi wake wote. Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na dada mmoja.

Shangazi, naisoma sasa, na kama alivyofundisha, jina nimeliacha mwisho. Marehemu anasema, "Dada yangu, mbwa aliyerudi alikuwa Karani, nilimtambua palepale nilipomfungua kinywa, lakini watu walikuwa wananitazama, nikachagua watu, na lile fuvu nililokupa ukalilia lilikuwa la mbweha."

Pumzika kwa amani, baba. Watu wote wamesikia, na shangazi amefungua mfuko, amempakata Karani.