Klementina Agapiti Mnali na Viti vya Jumamosi ya Mwisho

Mpendwa wetu Klementina Agapiti Mnali, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Beatrisi, alizaliwa tarehe 14 Februari 1968 katika kijiji cha Mnero, wilayani Nachingwea, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Agapiti na Bibi Magreti, wakulima wa korosho na ufuta, ambao nyumbani walizungumza Kimwera, hata marehemu akawa anasema kwamba Kiswahili alikikuta shuleni, akakipenda kama mgeni usiyetaka aondoke.

Alisoma shule ya msingi Mnero kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, sekondari mjini Masasi hadi 1986, kisha chuo cha ualimu Mtwara, akahitimu mwaka 1989 na kupangiwa kazi Mtua, alikofundisha miaka kumi na miwili kabla ya kuhamia Ruangwa mwaka 2001, ambako alistaafu kwa hiari mwaka 2023.

Tarehe 5 Oktoba 1991 alifunga ndoa na Bwana Gabrieli Chilumba, afisa kilimo, katika kanisa la Mnero, wakajaliwa watoto wawili, Beatrisi, aliyezaliwa 1993, na Agapiti, aliyezaliwa 1996 na kupewa jina la babu yake, na ameacha wajukuu watatu.

Tarehe 30 Agosti 2014 marehemu alianzisha, uani kwake Ruangwa, kikao cha kusoma mashairi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, isipokuwa msimu wa korosho, akialika washairi kutoka mikoa mingine, wakilala kwake na kula alichopika, na sharti lake lilikuwa moja, kwamba mgeni hasomi kabla hajamsikiliza mwenyeji mmoja, kwa lugha yoyote ya mwenyeji huyo. Yeye mwenyewe hakusoma hata mara moja, akisema mwenye nyumba hali kabla wageni hawajashiba, naye mumewe kazi yake ilikuwa kuchemsha mihogo na kupanga viti.

Tarehe 28 Julai 2018 alimwalika Huzaifa, mshairi kijana kutoka Tanga, akaandaa kila kitu ila hakutazama ratiba ya mpira, viti arobaini vikabaki vitupu, ndipo Mzee Saadi, fundi cherehani asiyekosa kikao, akamuuliza, "Mwalimu, leo umealika watu au umealika viti?" Marehemu alicheka hadi akakaa chini, kisha akamshika mgeni mkono, wakaenda wote uwanjani, akaomba kipaza sauti wakati wa mapumziko, na hata pale sharti halikulegezwa, Mzee Saadi alitangulia kwa Kiyao, mgeni akafuata, na tangu mwezi uliofuata viti havikutosha, na ratiba ya ligi ikabandikwa ukutani jikoni.

Machi 2024 alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo, akatibiwa Mtwara na baadaye Dar es Salaam, ambako iligundulika kuwa ni saratani ya kongosho. Mumewe alimsihi asimamishe vikao apumzike, naye akamjibu kwamba akipumzika kwa kunyamaza ataugua mara mbili, hivyo vikao viliendelea, yeye akisikiliza kutoka kitandani, dirisha likiwa wazi.

Mwezi Mei mwaka huu alimkabidhi mumewe daftari la mashairi yake, akamwomba kwamba Jumamosi ya tarehe 28 Juni, ambapo tayari amealikwa Bi Amna kutoka Songea, kikao kisiahirishwe, na mwenyeji atakayemtangulia mgeni awe yeye Gabrieli, mtu ambaye hajawahi kusoma mbele za watu, na ambaye hata historia hii ameiandika mwenyewe lakini inasomwa na mdogo wake, Adinani. Siku ile Gabrieli hakumjibu mkewe, alitoka akaenda kufuta viti, na marehemu alifariki nyumbani asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, kabla ya kulipata jibu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake wa Mtua na Ruangwa, majirani Waislamu na Wakristo waliokesha nasi, na Mzee Saadi, aliyeshona sanda kwa mkono wake.

Klementina, jibu lako ni hili: viti vitapangwa, mihogo itachemka, mpira siku hiyo haupo, ratiba imetazamwa, na saa tisa alasiri Gabrieli atasimama na daftari lako. Pumzika kwa amani, mwenye nyumba, wageni wameshiba, sasa ni zamu yako.