Bi. Dama Chengo Aweka Chini Maikromita

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Dama Chengo anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika karakana ya kiwanda chetu cha mikebe, Shimanzi. Wasifu huu unaandikwa kwa mara ya tatu. Novemba 2023 na Novemba 2024 pia tulimuaga. Keki ililiwa, hotuba zikatolewa, na Jumatatu yake Bi. Dama akaripoti kazini saa moja kasorobo, kwani hapakuwa na wa kushika nafasi yake.

Uongozi ulitafuta. Tangazo la kazi ya kukereza vyuma, yaani kuvichonga vikizungushwa na mashine, lilitoka mara mbili na watu kumi na wanane wakaomba. Kumi na saba walikuwa na vyeti vizuri vya mambo mengine. Wa kumi na nane alikuwa fundi kweli. Alikaa siku nne, akapata kazi Dubai.

Bi. Dama mwenyewe aliajiriwa mwaka 1992 kufagia karakana. Alifagia polepole mno karibu na mashine ya kukereza, hadi fundi mkuu wa wakati huo, marehemu Bw. Gunga, alipochoka kumzunguka akamwonyesha inavyowashwa.

Februari 2024 bushi ya mashine ya kufunga vifuniko ilipasuka. Bushi ni pete ya shaba inayoshika mhimili usiyumbe, inaenea kiganjani. Ya akiba haikuwepo stoo, na aliyesahau kuiagiza ndiye anayeandika wasifu huu. Mpya ilipakiwa melini, na meli hiyo, kama nyingi siku zile, ikaepuka Bahari ya Shamu ikaizunguka Afrika. Tuliambiwa tusubiri wiki saba. Barua za kuwarudisha nyumbani wafanyakazi sitini na wanne zilikuwa zimekwisha chapishwa.

Bi. Dama aliomba kipande cha shaba ngumu tu. Shimanzi nzima hakikupatikana. Akaingia Mji wa Kale, karakana hii hadi ile, mwandishi akimbebea mkoba, mpaka kwa Fundi Shamsudin, mfua mapambo ya milango. Kipande kinene kilikuwa pale, kimezuia mlango usijifunge.

"Hicho hakiuzwi, dada," Fundi Shamsudin alisema. "Marehemu baba ndiye aliyekiweka hapo."

Bi. Dama hakubishana. Alitazama jiliwa la fundi la kubania vyuma, lililofungwa kwa kamba.

"Hili limeharibika lini?"

"Mwaka jana. Skrubu yake haipatikani tena."

"Kesho kutwa utakuwa nayo."

Akaikereza, akaileta. Fundi Shamsudin alilifunga na kulifungua jiliwa mara tano. Kisha akakiinua kile kipande, akatubebea mwenyewe hadi kwenye tuktuk.

Siku tatu baadaye mashine ilizunguka, na zile barua hazikutolewa. Bushi ya melini ilifika wiki ya tisa. Iko stoo, imeandikishwa vizuri.

Ni siku hizo Joy Odera, aliyepakia katoni kwa miaka tisa, alipomweleza Bi. Dama kwamba mashine ile ilikuwa ikilia vibaya wiki mbili kabla ya kupasuka.

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza, mama."

Kesho yake Joy alihamishiwa karakana, kwa ombi la Bi. Dama ambalo halikuonekana kuwa ombi. Mwaka huo ulipokwisha Joy alisema bado hajawa tayari, na Bi. Dama akaongeza mwaka mmoja.

Mwezi uliopita bushi ya mashine ya pili ililika ikaisha, na ile ya stoo haikuitosha mashine hiyo. Bi. Dama aliposikia aliuliza kama Joy ameambiwa, kisha akakaa kantini, mgongo kwa karakana, chai ya tangawizi ikapoa mbele yake. Bushi ya kwanza aliyoikereza Joy aliiharibu. Ya pili akaja nayo mkononi. Bi. Dama aliipima unene kwa maikromita yake mara tatu.

"Itafaa, mwanangu," alisema.

Halafu akaenda kunawa uso. Alikawia sana, na hakuna aliyemwuliza.

Bi. Dama, ahsante kwa kila chuma na kila mtu uliyetunyooshea. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wageni wasiokuja na vitu vilivyovunjika.