Tangi la Mrumeni Lisivunjwe

Mgeni rasmi, Bwana Mkuu wa Wilaya, mheshimiwa Mangi, mtawala wetu, wazee wetu, shikamooni, mama zetu na wenzetu nyote.

KARIBU
Umepanda kutoka Moshi mjini katika tope la masika, na gari lako tumelisukuma sisi. Mashati yetu yanashuhudia. Karibu Mrumeni.

SISI NI NANI
Sisi ni vijana wa mlima huu tunaosoma chuo kikuu, Uganda: udaktari, kilimo, ualimu. Tuliporudi likizo mwaka jana tulikubaliana kwamba tuliyofundishwa darasani yaonekane nyumbani kabla hatujapata vyeti.

TULIYOFANYA
Watu hapa walikunywa maji ya mfongo, mfereji uleule unaonywesha migomba na kahawa. Kila masika watoto waliharisha, na wengine tuliwazika. Tukajenga tangi la mawe na saruji kwenye chemchemi, tukalifunika, tukalitia bomba. Mawe waliyabeba mama zetu.

KOSA LETU
Hatulifichi. Tulijenga kwenye kichwa cha mfongo bila kuwauliza wazee wake, maana katika vitabu vyetu hawakuwamo. Maji yakapungua kule chini mashambani. Mzee Theodory, mkuu wa mfongo, akatuambia mbele ya watu, "Mmesoma mpaka Uganda, mkarudi kutuibia maji?"

Mama Salvina akaongeza, "Michoro yenu mizuri, wanangu. Ila migomba yangu haijui kusoma."

Tukamwendea Mzee Theodory na jani la isale, kama afanyavyo Mchagga aliyekosa. Anayeletewa jani hilo hakatai kusamehe. Akalipokea, akasema, "Haya, yamekwisha. Sasa shikeni majembe."

Tukajenga upya pamoja na wazee. Tangi likijaa, maji ya ziada yanarudi mfongoni. Hakuna tena anayekosa zamu yake ya maji, na masika haya watoto wako shuleni.

SHIDA YETU
Afisa mmoja wa serikali ameamuru tangi livunjwe Jumatatu, kwa kuwa halina kibali. Ni kweli, hatukuomba. Lakini mfongo huu mababu zetu waliuchimba kabla serikali yoyote haijaijua njia ya kufika hapa, na hakuna aliyewadai kibali.

OMBI
Hatuombi radhi kwa kujenga. Tunaomba radhi kwa kutouliza. Tunaomba amri hiyo ifutwe leo, hapa, watu wakisikia.

Maji tumeyafunika, yasiguswe na uchafu,
Watoto wanayateka, nyumbani hakuna hofu,
Tangi likishavunjika, kesho tutazika wafu,
Jani kwako twaliweka, utupe jibu nadhifu.

Mungu akujalie afya, akuteremshe salama, na akupe kiu ya kupita tena hapa.

Bwana Mkuu, mwenzetu Primus anakuja mbele yako sasa na jani la isale. Mzee Theodory alilipokea kwa mikono miwili. Wazee wote wanatazama mikono yako.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Chuo Kikuu wa Mrumeni, pamoja na Wazee wa Mfongo.
Imesomwa na Efraimu, Mrumeni, Aprili 1956.