Ronald Mwadime, Fundi wa Milango

Mliokuja kumsindikiza Ronald Mwadime, asanteni, kaeni. Haya ameyasema dada yake mkubwa, Mghoi, jikoni, na Wakesho, binti wa Ronald, akayaandika. Ronald mwenyewe aliacha neno kwamba asipambwe. Basi hatapambwa.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1949 huko Mgange, Taita, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Mwaluma na marehemu Mama Mkamburi. Mama yao alikuwa akisema mtoto huyu alikuja amekunja uso kama mtu aliyeamshwa mapema. Uso huo alikaa nao miaka sabini na sita.

Alisoma shule ya misheni pale pale Mgange mpaka darasa la saba. Hesabu alizijua, mwandiko wake ulikuwa wa kuku. Shule yake ya kweli ilikuwa Voi, kwenye gereji ya Mzee Kulwant, Singasinga aliyemfundisha kazi sawasawa na mtoto wake mwenyewe, Jaspal. Wale vijana wawili walikula sahani moja, na wakikosea waligongwa kichwani kwa spana moja.

Mwaka 1968 familia ya Mzee Kulwant ilihamia Birmingham, Uingereza. Jaspal hakumsahau mwenzake. Alimtafutia kibali cha kazi, na tarehe 4 Mei 1970 Ronald akaingia kiwanda cha magari cha Hallam, nyuma ya Castle Vale, amevaa koti la kuazima. Yeye na Jaspal waliwekwa pamoja kupachika milango. Siku nzima walizungumza Kiswahili, ili msimamizi asijue wanamsema yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mlango ukishapachikwa haukai sawa. Fundi anaweka goti chini ya mlango, anausukuma kidogo kwa mkono, halafu anaufunga na kusikiliza. Ukilia kama sufuria, bado. Ukisema neno moja zito na kunyamaza, umekaa. Ronald alikuwa na goti la kulia lililojua kazi hiyo kuliko kichwa chake. Mpaka uzeeni alikuwa akifunga mlango wa gari ya mtu yeyote, hata ya mchungaji, na kutoa hukumu bila kuulizwa.

Tarehe 16 Septemba 1978 alimwoa Priscilla Wawuda, msaidizi wa wauguzi, mwanamke mpole kuliko Ronald alivyostahili. Walijenga maisha yao Kingstanding, mtaa wa Birmingham, na mwaka 1982 wakapata mtoto mmoja, Wakesho. Mghoi alikuja mwaka 1989 baada ya kufiwa na mumewe, akasaidia kulea, na amekuwa kwenye nyumba hiyo tangu siku hiyo. Kwa hiyo mengi ya anayoyasema hapa aliyaona.

Sasa tuseme kuhusu Hallam, maana humjui Ronald kama huijui Hallam. Gari zake zote tano zilikuwa Hallam. Zilivuja mvua, zilikataa kuwaka, moja iliacha bomba la moshi barabarani siku ya Krismasi. Yeye alisema mtu haachi cha nyumbani kwa sababu kina kasoro. Mwaka 1994 Jaspal alipopata kazi kwenye kiwanda cha Wajapani, kule upande wa Derby, alikuja kuaga na boksi la jalebi.

Ronald akamwambia mlangoni, "Unaenda kuwajengea watu wengine."

Jaspal akasema, "Nawajengea watoto wangu, ndugu. Hallam inakufa, we huioni?"

"Itakufa kwa sababu yenu mnaokimbia."

Jalebi zilibaki kwenye ngazi. Mghoi alizila, maana chakula hakina kosa. Lakini watu wale wawili hawakuzungumza tena kwa miaka ishirini na tisa.

Hallam ilianguka mara ya kwanza mwaka 1998. Serikali ikaipa msaada. Wakubwa wakajenga ofisi mpya ya vioo, na kwenye sakafu ya kazi mvua ikaendelea kuingia. Mwaka 2006 ikaanguka tena. Ronald aliandamana mpaka London na bango, aliandika barua kwa mbunge, alisimama kwenye baridi miezi miwili. Mghoi alimwambia, "Unawalilia watu wasiojua jina lako." Serikali ikakataa, kiwanda kikafungwa. Wafanyakazi walipewa cheti cha shukrani, na kwenye cha kwake, baada ya miaka thelathini na sita, waliandika Roland. Alikitundika ukutani hivyo hivyo. Wale wakubwa hawajasamehewa na dada yake, na hawatasamehewa leo eti kwa sababu tuko makaburini.

Mwaka uliofuata Wakesho, muuguzi wa zamu za usiku, alinunua gari ya Kijapani. Alitaka tu gari inayowaka. Ronald aliitazama dirishani, akafunga pazia. Akasema hatakanyaga ndani yake, na hakukanyaga. Siku ya harusi ya Wakesho, tarehe 7 Agosti 2010, bibi harusi alipanda gari yake, na Hallam ya baba yake ilipokataa kuwaka, baba akapanda basi. Alifika kanisani amechelewa dakika ishirini, suti imelowa, na mtoto wake amesimama mlangoni peke yake na maua. Wakesho alimshika mkono wakaingia. Lakini tangu siku ile alikuwa akija Jumapili, anaegesha mtaa wa pili, anatembea. Miaka mingi baba na mtoto walikula meza moja na gari imekaa katikati yao.

Mwaka 2022, mwezi wa Juni, figo za Ronald zilikataa. Akawa anaenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Aliendesha Hallam yake mwenyewe kwenda, na Priscilla akaendesha kurudi. Daktari alisema asikose hata mara moja.

Asubuhi ya tarehe 8 Machi 2023 theluji ilianguka na Hallam ikakataa kabisa. Priscilla alimpigia simu Wakesho. Alikuja ametoka kazini, hajalala, akaegesha mbele ya nyumba kwa mara ya kwanza tangu harusi. Ronald alisimama kando ya barabara na fimbo yake. Dakika zikapita.

Wakesho akasema, "Baba, nakuomba. Sitakuomba mara ya pili."

Mghoi, kutoka dirishani, akasema, "Mwadime, hiyo damu yako haijui gari imetoka wapi. Ingia."

Akaingia. Akavuta mlango. Mlango ukasema neno moja zito, ukanyamaza. Ronald akaufungua, akaufunga tena. Akaufungua mara ya tatu.

"Baba, tunachelewa."

"Nani amepachika mlango huu?"

"Nitajuaje mimi?"

"Huu umewekwa kwa goti." Akainama, akapapasa kule chini ambako watu hawaangalii, akakuta kibati. "Nisomee hapa."

Wakesho akasoma kwamba gari imetengenezwa Uingereza, na jina la mji, na mji ule ndio wa kiwanda alichohamia Jaspal, mwendo wa saa moja kutoka Kingstanding. Ronald akafunga mlango, wakaenda hospitali. Alipokwisha kufungwa mipira ya kusafisha damu, akaomba simu. Namba ya Jaspal alikuwa nayo kichwani miaka yote ile. Alisema, "Jaspal, milango yenu imekaa sawa." Jaspal akamjibu, "Umechelewa, lakini njoo unywe chai."

Halafu akamgeukia mtoto wake. Priscilla alikuwepo, ndiye shahidi. Alisema, "Ile siku ya harusi nilikuwa mjinga." Hakuongeza. Kwa Ronald hiyo ilikuwa hotuba. Kuanzia siku hiyo Wakesho aliegesha mbele ya nyumba, na baba yake alikaa kiti cha mbele akimfundisha kuendesha, mtu anayeendesha miaka kumi na sita.

Mwaka jana kampuni mpya ilitaka kujenga gari ndogo za umeme za mizigo pale pale ilipokuwa Hallam, na iliomba pesa ya serikali. Watu wakaitwa kwenye ukumbi kutoa maoni. Wote walijua Ronald atasema wapewe, ni cha nyumbani. Akasimama na fimbo yake, akasema, "Mimi nilipenda kiwanda, kiwanda hakikunipenda. Msiwape kwa sababu ya bendera. Wapeni kama kila mwaka watachukua vijana wa hapa na kuwafundisha kazi. Wasipowafundisha, warudishe pesa. Gari ni ya aliyeiwekea goti." Akakaa. Sharti hilo liliingia kwenye makubaliano. Hatusemi ni yeye aliyeliweka, ila kabla hajasimama halikuwepo.

Kundi la kwanza la vijana lilianza mwezi wa Septemba mwaka huu, na Mandeep, mjukuu wa Jaspal, yumo. Kila Jumamosi alikuja Kingstanding, na Ronald, kwenye kiti nje ya nyumba, alimfundisha kupachika mlango kwa kutumia ile Hallam isiyowaka. Kwa hiyo ilifaa kitu mwishoni.

Ronald alifariki tarehe 14 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, mke wake amemshika mkono na Wakesho amemshika mwingine. Moyo ulichoka. Hakuteseka.

Ameacha mjane, Priscilla Wawuda. Binti yake, Wakesho, na mumewe. Wajukuu wawili wanaosikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Dada yake Mghoi. Ndugu yake Jaspal, na hilo neno ndugu liandikwe hivyo. Na Mandeep, aliyebeba kazi yake.

Leo gari ya Wakesho imetangulia mbele ya jeneza lake, familia yake yote ndani. Mkitoka hapa makaburini Witton kwenda kula, fungeni milango ya magari yenu taratibu, mara moja, kwa mkono. Huyu mtu anasikiliza. Mungu amlaze pazuri, na amani aliyoichelewesha awe nayo sasa.