Bajeti Iliyopitia Makaburini

Karani wa kijiji alikaa nyuma ya basi, mkoba wenye muhtasari wa kikao mapajani, kofia kaishusha hadi puani, akijifanya amelala. Kwenye kiti cha mbele yake, muuza vitunguu alikuwa akimsimulia mwashi asiyejuana naye, kwa sauti ya kumfikia hata dereva.

"Mikutano miwili tumeigomea, kaka. Sisi tunataka kisima, mwenyekiti anataka ofisi ya vigae. Tukasema akidi isipotimia, bajeti haipiti. Sheria si ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, dada."

"Basi juzi tunamzika bibi mkunga, kijiji kizima kipo. Dua haijapoa, mwenyekiti huyo kasimama, anasoma bajeti kwa sauti ileile ya dua. Kamaliza, na sisi kama mazuzu: amina! Ndiyo wakaandika wananchi wameridhia kwa kauli moja."

Mwashi alicheka mpaka akapaliwa. "Lakini akidi ilitimia."

"Akidi ya maziko!"

"Sheria imetaja mahali? Na vinywa ni vyenu."

"Kwa hiyo na marehemu kahesabiwa?"

Karani aliukumbatia mkoba. Marehemu alikuwa namba moja kwenye orodha ya mahudhurio.

Basi likapunguza mwendo mbele ya ofisi za wilaya. Muuza vitunguu akasimama, mikono juu. "Aliyeandika muhtasari ule, Mungu aukaushe mkono wake!"

"Amina!" basi zima likaitikia, na karani akashtuka kusikia sauti yake ndiyo kubwa kuliko zote.