Hosiyat-opa na Hudihudi wa Ukuta wa Udongo

Ijumaa tarehe 23 Mei, Hosiyat-opa, dada yetu mkubwa, alistaafu, akainuka kwenye kitanda chake cha kufumia baada ya miaka thelathini na minne na miezi minane. Katika karakana yetu ya hariri hapa Margilon hakuna aliyekaa muda mrefu hivyo. Mimi Mavjuda, msokota nyuzi, nimeambiwa niandike kwa sababu nimekuwa jirani yake kazini miaka kumi na mmoja. Shule sikufika mbali, mnivumilie.

Alikuja hapa msichana wa kufunga nyuzi mafundo kabla ya kutiwa rangi, akawa mfumaji, kisha akafundisha wanawake kumi na tisa, nami nikiwemo. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, uzi unanikatikia kila saa, nalia. Akaniambia, "Uzi hauna haraka, mdogo wangu. Haraka unayo wewe."

Lakini mchana, tukinywa chai, hazungumzii vitambaa. Ni bustani yake tu: nyanya zimeshika, mizabibu imefungwa, mrehani umeota. Na hudihudi, wale ndege wa kishungi! Majira tisa ya kuchipua, dume na jike wamezaa kwenye tundu la ukuta wa udongo, nyuma ya mforosadi. Makinda hutoka asubuhi mwishoni mwa Mei, yeye yuko kazini. Hajawahi kuwaona wakitoka, hata mara moja. Mwaka huu alituimbia wimbo mmoja tu: "Nastaafu, nitawaona!"

Sherehe ya kumuaga ingefanyika uani kwake, basi Jumapili kabla yake tukaenda huko kwa msaragambo. Desturi yetu mnaijua, pilau ya wageni hailiwi kwenye ua mchafu: mashina hupakwa chokaa, kuta hukandikwa upya kwa udongo na makapi. Mwenyewe alikuwa sokoni kununua karoti. Ukuta nikauchukua mimi. Nikaona tundu, hudihudi nikawasahau kabisa: nyoka! Na wageni wanakuja na watoto! Nikashindilia donge la udongo, nikalainisha mpaka Saodat, mwenzetu wa safu ya pili, akanisifu.

Hosiyat-opa aliporudi, hudihudi wawili walikuwa wakitembea juu ya ukuta huku na huku, vishungi vimesimama, nyenje mdomoni.

"Nani kakandika hapa?" akauliza, sauti ndogo.

"Mimi, opa. Nilidhani nyoka." Nimewazika watoto wa mwenzangu wakiwa hai.

Hakunigombeza. Tabu ni kwamba tundu halikuonekana tena! "Miaka yote kazi yako mabonde matupu," Saodat akanipigia kelele, "leo ndiyo umeamua kunyoosha!" Tukatega masikio ukutani, hatukusikia hata mlio. Ndipo Hosiyat-opa akapiga magoti, akaanza kunusa ukuta, shubiri kwa shubiri. Kiota cha hudihudi hunuka kama yai viza, hakuna udongo unaoweza kuificha harufu ile.

"Hapa!"

Tukafukua kwa kucha. Tundu likafunguka, nikasogeza uso nione kama wanapumua. Kinda mmoja akageuka, akanirushia mavi, pyuu, usoni kote! Saodat alicheka mpaka akakaa chini. Hosiyat-opa analia na kucheka pamoja: "Wazima! Anayekunya hivi hajafa, Mavjuda!"

Ijumaa tulikula pilau upande wa nyanya, mbali na ukuta. Tursunboy-aka, kaka yetu msimamizi, ambaye sauti yake hushinda vitanda vyote vikifuma, alitoa hotuba ya kumuaga kwa kunong'ona.

Jumatatu, siku yake ya kwanza bila kazi, simu ya Saodat ikalia saa tatu asubuhi: ni Hosiyat-opa, Saodat akafungulia spika. "Katoka! Wa kwanza katoka! Kakaa kwenye mkomamanga, kishungi timtim kama Saodat akiamka!" Vitanda vyote vikasimama. "Nyamazeni, wa pili huyo!" Hakuna aliyerudi kufuma. Tursunboy-aka mwenyewe alikuwa akihesabu kwa vidole mpaka wa tano alipotoka, na karakana nzima ikapiga makofi.

Hosiyat-opa, asante kwa mikono uliyotufundisha, na kwa kunisamehe. Afya iwe yako, bustani isikunyime kitu, na asubuhi zote kuanzia sasa ni zako. Ila majira yajayo utupigie tena simu. Tutavisimamisha vitanda.